Taulo Isiyokunywa Maji

Shangazi alikuwa na mdomo. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akaanza kumlilia kabla ya wakati wake.

Alikuwa shangazi halisi wa kijana mwenye mahali pale pa kuoshea magari, dada wa baba yake, lakini kila mtu alimwita Shangazi, kuanzia waosha magari mpaka wateja wanaofika na madereva wao. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, ukuta mmoja na chumba cha kufulia. Mashine ilipoanza kukamua, kikombe chake cha chai kilitembea chenyewe juu ya meza, naye alikirudisha bila kukitazama. Hakuwa na kwingine. Nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe iliuzwa ili mahali hapo paanze, na siku ile mtoto wa kaka yake alimshika mikono akamwambia, "Shangazi, utakaa na mimi mpaka Mungu atakapokuita." Alimwamini. Alikuwa amemlea tangu mama yake alipofariki, na hakuona sababu ya kumuuliza maswali mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga vifungo.

Kazi yake ilikuwa taulo. Si zile za kuogea. Ni maikrofaiba, vitambaa vyepesi vya kufutia magari, ambavyo ukivitazama kwa haraka utadhani ni matambara tu. Shangazi alizitunza kuliko wengine wanavyotunza watoto. Za buluu zilikuwa za vioo, za njano za bodi, za kijivu za rimu na tairi, na kila rangi ilikuwa na ndoo yake, maji yake na kamba yake. Alizifua kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo ya maji, akazianika kivulini, mbali na vumbi la barabara. Taulo ikidondoka chini, hata mara moja, hata pakavu, aliifunga fundo pembeni na kuitupa kwenye ndoo ya tairi, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kulichora gari jeusi toka boneti mpaka buti.

"Hiyo imeshaolewa na tairi," alisema. "Hairudi kwao."

Vidole vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa miaka ya sabuni, na pua yake ilikuwa imekufa zamani, hasikii harufu ya moshi wala ya waridi. Lakini vidole vile vilikuwa na faida yake. Taulo nzima humng'ang'ania mtu mwenye ngozi ya kukwaruza, na kila moja ilipita mikononi mwake kabla ya kwenda kwa waosha. Ikimshika, ni nzima.

Mkwe, mke wa huyo mtoto wa kaka yake, alipoletwa alikuwa mpole na mwenye kunukia, ametoka kwenye kazi ya mapokezi mahali fulani penye kiyoyozi. Siku za mwanzo alitaka kusaidia. Akazichukua taulo za njano zilizolowekwa, akazitia kwenye mashine pamoja na taulo zake za kuogea, nene, za pamba. Zilitoka zimeota manyoya meupe kila mahali, kwa sababu maikrofaiba hukamata kila kinachopita, na pamba haiishi kutoa manyoya. Mtu mwingine angesema, "Mwanangu, hivi havichanganywi." Shangazi alileta kigoda, akamkalisha uani mbele ya waosha wote, akampa rundo zima atoe manyoya kwa kucha.

"Si ulikuwa mapokezi?" alimwambia. "Haya, na haya yapokee."

Mkwe alikaa pale mpaka jua likamfikia mgongoni. Waosha walipita na ndoo zao, wengine wakicheka, wengine wakitazama pembeni. Mumewe alitoka ofisini, akamwona, akarudi ndani. Tangu siku hiyo mkwe hakukanyaga tena chumba cha kufulia.

Huyo mume, wafanyakazi walimwita Mkurugenzi, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo. Shangazi alikuwa na jina lake jingine.

"Kikojozi yuko ndani?" aliwauliza waosha, wateja wakiwa wamekaa kwenye benchi wanasikia. Mgeni akishangaa, ndipo alipopata nafasi. "Huyu mnayemwita Mkurugenzi alikojoa kitandani mpaka ndevu zikaanza kuchungulia. Mashuka yake nimefua mimi, kwa mikono hii. Hizi taulo ni mchezo tu."

Kulikuwa na wakili mmoja mwenye gari jeusi, mteja mkubwa, aliyewaleta wenzake wengi. Siku alipolisikia hilo alicheka mpaka akavua miwani. Mkurugenzi naye alicheka. Shangazi aliyaona meno yake, na kwake meno yalitosha kuwa kicheko.

Halafu vioo vikaanza kuchafuka.

Wakili ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Alisimamisha gari juani, akaonyesha kioo cha mbele kwa kidole. Palikuwa na ukungu, michirizi ya mafuta mafuta iliyopinda kufuata mkono uliofuta. Kipara, mwosha wa siku nyingi, alifuta tena kwa taulo nyingine ya buluu, na michirizi ikahama tu kutoka upande huu kwenda ule. Alifuta mpaka jasho likamtoka kichwani. Wakili aliondoka bila kuaga.

"Shangazi," Mkurugenzi alisema jioni hiyo, kwa sauti ya chini, "labda macho yamechoka?"

"Macho yangu yanakuona wewe mpaka utumbo," alijibu. Lakini aliingia chumbani kwake na taulo ile mkononi.

Aliipitisha vidoleni. Haikumshika. Iliteleza, laini mno, kama shavu la mtoto mchanga. Akachovya kidole kwenye maji na kudondosha tone juu yake. Taulo nzima hulinywa tone kabla hujapepesa macho. Hili lilikaa juu, duara, linang'aa kama ushanga.

Alilijua jambo hilo. Alilijifunza miaka mingi nyuma, alipokuwa mfuaji kwenye kampuni ya magari ya kukodi. Ni ile dawa ya kulainishia nguo, wanayoitia watu kwenye suuza ya mwisho ili shuka ziteleze na kunukia. Kwenye pamba haina neno sana. Kwenye maikrofaiba inapaka utelezi juu ya kila uzi na kuziba pote panapokunywa maji. Taulo inabaki nzuri, laini, ya kupendeza, na haifuti tena kitu chochote milele isipotibiwa. Siri hiyo aliiweka chini ya ulimi. Mwosha akijua kufua anakwenda kufungua pake, ndivyo alivyosema siku zote.

Kwa hiyo mtu alikuwa anaingia chumba cha kufulia na chupa.

Alizitibu. Alizilowesha zote kwenye maji ya moto kiasi na siki, akazisuuza, akazilowesha tena, mpaka mipasuko ya vidole ikawaka kama imetiwa pilipili. Tone likanywewa. Siku chache baadaye likakaa tena juu. Akatibu tena. Wateja walilalamika, mmoja akaacha kuja, na kila mara Mkurugenzi alikuja kwa upole ule ule, safari nyingine na chai ya maziwa aliyoikoroga mwenyewe.

"Umefanya kazi sana, Shangazi. Hakuna aibu mtu kuchoka. Binamu yako kule ana nafasi, ungekwenda ukapumzika."

Binamu huyo alikaa mbali, bibi mkali ambaye hawakuwahi kuelewana hata kwenye misiba. Alikuwa ameshatuma maneno kwamba kitanda kipo, kwenye korido, karibu na banda la kuku.

"Nitapumzika kaburini," Shangazi alisema, akanywa chai. Hakumwambia kuhusu dawa. Alitaka kwanza amkamate mtu, amlete ameshikwa shingo.

Na mtu mwenyewe hakuhitaji kumtafuta mbali. Nani anayependa vya kulainika na kunukia? Nani ana kinyongo? Nani tumbo lake limeshatangulia mbele, na kesho keshokutwa atamhitaji mama yake mzazi aje kumsaidia kulea, na mama huyo atalala wapi kama si chumba cha nyuma? Shangazi alijiuliza na kujijibu, na kila jibu lilimpa raha.

Asubuhi moja mkwe alipokwenda kliniki, Shangazi alivuka uani, akaingia nyumbani kwake, akafungua mlango wa bafu. Chupa ilikuwa pale pale juu ya rafu, wala haikufichwa, imebaki nusu.

Aliichukua, lakini hakuionyesha siku hiyo. Alisubiri benchi lijae. Alisubiri mpaka wakili alipokuja, kwa kusitasita, kujaribu mara ya mwisho. Mkwe alikuwa anapita na beseni lake la nguo za kuanika. Shangazi akasimama katikati ya uwanja, maji ya povu yakimpita miguuni, akainua chupa juu.

"Hii ni nini?"

Mkwe alisimama. "Dawa ya nguo, Shangazi. Nalainishia vinguo vya mtoto."

"Mtoto yuko wapi?"

"Naviandaa tu."

"Unaviandaa vya ambaye hajaja, na taulo zangu ndizo zinazokufa. Unakuja kunyata nyuma yangu na chupa ili nionekane mzee, nimekwisha, nifukuzwe, mama yako apate pa kulala. Si ndivyo?"

"Mimi huko kwako siingii. Tangu ile siku siingii."

"Unaingia. Unaingia kama mwizi." Sasa alikuwa amepata moto, na watu wote walikuwa wamegeuka. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikipanda na akaipenda. "Mwanamke wa kumuua mzee kwa chupa, hata hicho ulichokibeba utakilea kwa nini? Kingejua tumbo lililokibeba, kingekataa kutoka."

Kipara aliweka ndoo chini. Wakili alitazama viatu vyake. Mkwe alishika tumbo kwa mkono mmoja, beseni likamponyoka, vinguo vidogo vyeupe vikamwagika kwenye maji machafu. Alilia bila sauti. Kisha akafuta uso kwa kiganja na kuuliza, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Lakini ina ubaya gani? Si inalainisha tu?"

"Inaziharibu. Na unajua inaziharibu."

"Kumbe inaharibu?" Kipara alisema. "Mimi ningedhani ndiyo zingefuta vizuri zaidi."

Mkurugenzi alikuwa mlangoni pa ofisi, mikono mifukoni. Wote walimtazama. Alimwambia mkewe, "Ingia ndani ukapumzike." Alimwomba wakili radhi. Kisha akarudi ofisini bila kumtazama Shangazi.

Shangazi alirudi chumbani mwake mshindi. Aliviacha vinguo vile pale pale kwenye maji. Kipara ndiye aliyeviokota. Shangazi alimimina siki kwenye beseni la taulo, akazamisha mikono mpaka viwikoni, na akawa anaimba wimbo usio na maneno, ule aliouimba siku alizokuwa na furaha.

Ukakatika wenyewe katikati.

Kumbe inaharibu? Kipara alikuwa amefanya kazi pale tangu mwanzo, na hakujua. Waosha wote walikuwa wameduwaa, hakuna aliyejua. Mkwe aliuliza huku machozi yanamtoka, na mtu hawezi kuigiza vile. Angejua ni sumu, asingeiacha juu ya rafu mlango wazi. Mtu asiyejua kwamba kitu kinaua hawezi kukitumia kuua.

Basi nani alijua?

Mikono ilibaki ndani ya maji. Aliikumbuka siku mashine ilipoletwa, mpya, bado ina nailoni. Walikuwa wawili tu chumbani, yeye na mtoto wa kaka yake, wanacheka kwa furaha. Alimwambia, "Nitakupa siri moja, na usimwambie mtu, hata mke utakayeoa. Anayetaka kutumaliza hahitaji moto. Chupa moja ya dawa ya kulainishia nguo inatosha." Naye akarudia nyuma yake, neno kwa neno, ili asisahau.

Alimkuta ofisini anakula chakula cha mchana.

"Ni wewe," alisema.

Mkurugenzi alitafuna, akameza. "Funga mlango, Shangazi."

Shangazi alikuwa ametaka akatae. Njia nzima ya kuvuka uwanja alikuwa amejiandaa kumwamini, hata kwa uongo mbovu, hata kama angesema hajui maikrofaiba ni nini. Alifunga mlango na kusimama.

"Nilinunua isiyo na harufu, nikawa nazichovya usiku, zikiwa zimeshapita mikononi mwako," alisema Mkurugenzi. "Wewe pua yako najua haipo, lakini wenzako wanazo."

"Nimekukosea nini?"

"Wakili yule aliniita Kikojozi kwenye kikao, mbele ya watu ninaotaka kufanya nao biashara. Wakacheka wote. Nami nikacheka."

"Ni utani."

"Ni utani wako. Mimi sijawahi kuutania."

"Ungeniambia ninyamaze."

"Nilikuambia. Ukatoka hapa ukaenda kuwahadithia kwenye benchi kwamba nimekuambia unyamaze."

Hilo lilikuwa kweli, na alilikumbuka, na alikumbuka jinsi benchi lilivyocheka. Alishika ukingo wa meza.

"Basi ungenifukuza kwa mdomo wako. Kama mwanamume."

"Nimfukuze aliyenilea? Watu wangenitazamaje?" Alisogeza sahani. "Nilitaka uchoke mwenyewe. Uone kazi imekushinda, uniombe kupumzika, nikusindikize kwa heshima zote. Ungekuwa mwepesi kidogo wa kukubali, tungeyamaliza vizuri."

"Na mkeo? Leo nimemtukana mtu asiye na kosa, nawe umesimama mlangoni unaangalia."

"Nimeangalia, ndiyo." Alijifuta midomo, taratibu, pembe hii na pembe ile. "Mwanzoni nilitaka kukuzuia. Halafu nikasema, mwache amalize. Umemtamkia mwanangu maneno yale mbele ya wateja. Kipara, anayekupenda kuliko wote, amekuja hapa kuniambia bosi, kwa hili imetosha. Sasa sina haja ya chupa tena. Kesho utakwenda kwa binamu yako, na hakuna atakayesema nimekuonea."

Shangazi alitafuta neno. Yeye ambaye hakuwahi kukosa neno alitafuta, na lililopatikana lilikuwa dogo.

"Nitamwambia mkeo ukweli."

"Kamwambie."

Alikwenda. Alivuka uwanja mbele ya waosha ambao hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa, akagonga mlango wa nyumba.

"Ni mimi. Fungua, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo. "Haikuwa wewe. Nimekosea. Ni mumeo aliyetia dawa."

Kisha sauti ya mkwe, karibu sana, kama mtu aliyeegemea mlango kwa ndani.

"Asubuhi mimi, sasa hivi yeye anayekulisha. Kesho utasema nani?"

Na komeo likaingia.

Siku iliyofuata Mkurugenzi alimuaga mbele ya watu. Alimkumbatia kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ya kufika mpaka benchini, "Huyu ndiye mama yangu. Kila mnachokiona hapa ni mikono yake." Wateja walipiga makofi. Bibi mmoja alitokwa na machozi na kusema watoto wenye shukrani siku hizi ni wachache. Shangazi alisimama ndani ya mikono ile, mkavu kama ukuni. Angesema nini, na nani angemsikiliza?

Begi lake lilikuwa limeshapakiwa kwenye pikapu, na Kipara alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi; kitanda kimetolewa nje, na mtu alikuwa anapima ukuta kwa utepe.

Ndipo mkwe alipokuja. Alitembea polepole na tumbo lake, amebeba furushi lililofungwa vizuri, akalipitisha dirishani na kuliweka mapajani mwa Shangazi. Zilikuwa taulo, buluu na njano na kijivu, zote pamoja.

"Zako," alisema. "Nimezifua mwenyewe. Nimezitilia na dawa, chupa yote iliyobaki, ziwe laini." Alimtazama machoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe pale, alitabasamu.

Pikapu ilitoka. Walipita kwenye lami, kisha lami ikaisha. Kipara hakuwasha redio wala hakuzungumza, na Shangazi aliyejulikana kwa kutoinyamazia hata mashine ya kufulia alikaa kimya naye, mikono juu ya furushi. Walipokuwa mbali kabisa alianza kulia. Machozi yalianza taratibu kisha yakafululiza, kama ya mtu aliyeyaweka muda mrefu.

"Ni vumbi, Shangazi?" Kipara aliuliza, bila kugeuka.

"Ni vumbi."

Alichomoa taulo ya juu, ya njano, akajifuta. Ilikuwa laini ajabu. Ilipita usoni bila kunywa kitu, ikayatoa machozi machoni na kuyapeleka mashavuni, ikayatoa mashavuni na kuyapeleka kidevuni. Alifuta tena, akakandamiza, akageuza upande wa pili. Uso ulibaki umelowa wote. Mwishoni aliikunja taulo vizuri, kona kwa kona, kama alivyozikunja zote maisha yake, akaiweka juu ya furushi na kuacha yamwagike.